Chai ya Rangi ya Mzee Komba

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nimeanguka kutoka kwenye kenchi za paa kule Korogwe nikasimama mwenyewe nikadai nyundo yangu. Nimeona mteja akihamia nyumba isiyo na bati kwa sababu amegombana na mkwewe. Nimelipwa kwa ng'ombe, nimelipwa kwa kabichi gari zima, na safari moja nusura nilipwe kwa binti, nikakataa kwa heshima. Shule niliiacha darasa la nne, na leo wenye digrii wananiita bosi na kunifungulia mlango wa gari. Panda na mimi kutoka Mombo mpaka Lushoto, nitakuwa nakuonyesha kwa kidole dirishani: ile yangu, ile yangu, na ile pale juu kwenye migomba yangu, na ufa haina. Kwa hiyo nilipokwenda Soni kwenye msiba wa Mzee Komba, mwezi wa saba, baridi imekaa bondeni kama maji kwenye karai, sikwenda kutafuta jipya. Nilikwenda kumzika mteja. Ndivyo nilivyofundishwa kazi: nyumba uliyoijenga ukisikia kilio ndani yake, unakwenda.

Nilikaa sebuleni, na ile sebule naijua kuliko ninavyoijua ya kwangu. Wanawake walikuwa wamejifunika mablanketi mpaka puani, wazee wamekumbatia magoti, na pale ukutani, mbele ya macho ya kila mtu, liko meko la moto la matofali nililolijenga kwa mikono hii. Mdomoni mwake wameweka redio juu ya kitambaa cha kufuma, na pembeni kikapu cha vitunguu. Wala hakuna alama ya masizi. Nikamsogelea mjane, Mama Tekla, nikampa pole tena, halafu nikasema kwa sauti ya chini, "Shikamoo mama. Wageni wanatetemeka na meko lile pale. Niwaambie vijana wangu walete kuni?" Akalitazama meko, akanitazama mimi, na pembe ya mdomo wake ikacheza kama mtu anayezuia kicheko kanisani. "Marahaba mwanangu. Acha kwanza. Watu wakipungua nitakwambia." Kisha akaniletea kikombe kwa mikono yake mwenyewe. Chai ya rangi. Nyekundu, safi, haina tone la maziwa. Moyo ukanipiga kama kijana aliyefumaniwa, na mimi mtu mzima mwenye wajukuu. Sikuweza kuinywa, nikaishika tu ipashe vidole moto, na mwaka ule wote ukanirudia.

Ulikuwa mwaka wa zama za ruksa, mabati yalipoanza kulala madukani kama viazi. Kabla ya hapo bati lilitaka kibali, na kibali kilitaka ndugu. Sasa mwenye pesa alikuwa anabeba. Aliyeuza mapeasi na kabichi Dar es Salaam anarudi na saruji, aliyekuwa na kibanda cha udongo anataka madirisha ya vioo, na kila lori lililoteremka kutoka Shume na mbao za saiprasi niliona kama limebeba bahati yangu linaipeleka kwa mtu mwingine. Nilikuwa na miguu inayowasha. Nikikaa naona nachelewa, nikilala naona wenzangu wanapiga lipu. Mafundi wa umri wangu walishaunda makundi yao, wanajenga mbio mbio, wanachukua pesa, wanahama kabla saruji haijakauka. Na mimi niko wapi? Niko kwa Mzee Timazi, ninakunywa uji.

Jina lake halisi lilijulikana na mkewe tu. Aliitwa Timazi kwa sababu ile kamba yenye kipande cha chuma mwishoni, inayomwonyesha fundi kama ukuta umesimama, haikutoka mfukoni mwake. Hata msikitini inasemekana alikuwa nayo. Ofisi ya kampuni ilikuwa chumba cha nyuma ya nyumba yake pale Lushoto, kinanuka mbao mbichi na matope ya viatu, na mlangoni pameandikwa kwa chaki TIMAZI NA WENZAKE. Kila asubuhi kabla ya kazi tulikula humo: uji, ndizi za kuchemsha na maharage, sahani moja kubwa. Sheria za kazi zilitolewa hapo hapo mdomo ukiwa umejaa. Fundi hashiki mwiko kabla hajamwamkia mwenye nyumba. Fundi haombi maji, anasubiri apewe. Fundi haingii jikoni kwa mteja hata nyumba ikiungua, apige kelele akiwa nje. Na kubwa kuliko zote ilikuwa sheria ya kikombe.

"Mtu wa huku milimani hakwambii kazi yako mbaya," Mzee alisema, ameinua kidole chenye ukoko wa saruji. "Ana haya. Utamjengea ukuta umelala kama mlevi, atakwambia haina neno. Wewe usimsikilize mdomo. Tazama kikombe. Akiridhika, siku ya kukabidhi atakupa chai ya maziwa. Ana ng'ombe, au jirani yake ana ng'ombe, maziwa hayakosekani. Akikupa ya rangi, mgosi, kuna kitu hakijampendeza. Rudi kazini."

"Na asipokupa kabisa?" aliuliza Yohana, seremala wetu, Mlutheri mmoja mwenye ulimi kama randa.

"Hapo kimbia."

Tulicheka, lakini haikuwa mzaha. Mzee hakupokea malipo ya mwisho mpaka anywe maziwa. Na usimcheke, maana ilifanya kazi. Mara ngapi tulipewa ya rangi, tukarudi, tukakuta kweli dirisha linavuja au mlango unasugua sakafu! Tulirekebisha kwa gharama yetu, maziwa yakaja, na mteja akatuletea shemeji yake naye tumjengee. Hatukuwahi kubandika tangazo popote. Tangazo letu lilikuwa akina mama kisimani.

Ndipo akaja Mzee Komba. Alikuwa Mngoni kutoka Songea, mwembamba, mpole, amefanya kazi kiwanda cha chai tangu ujana, akalea watoto kwenye nyumba za kambi, chumba kimoja na bati linalolia. Shamba lilipokuwa linauzwa kwa wenye pesa wapya, wazee walipunguzwa kazini, naye akachukua kiinua mgongo chake chote akanunua kiwanja Soni. Alikuja ofisini amevaa koti, akakaa ukingoni mwa benchi, na alipoulizwa anataka nyumba gani hakutaja vyumba. Alitaja moto. "Nilikuwa napeleka sampuli za chai kwa meneja," alisema. "Ana moto ndani ya ukuta. Mimi nasimama mlangoni, joto lake linanifikia hapa." Akagusa goti. "Nataka ule. Vyumba vingine mtakavyoona wenyewe."

Mzee Timazi akanigeukia. "Hii nyumba ni yako, Shabani. Ukiikabidhi kwa maziwa, kazi ya Vuga unaisimamia wewe, na mlangoni naongeza jina lako." Kazi ya Vuga! Mfanyabiashara mmoja alitaka nyumba kubwa, na alishasema wazi kwamba tusipoanza kabla ya masika atawapa wengine. Basi kwangu mambo yote yakawa yamefungwa kamba moja: kikombe cha Mzee Komba, halafu Vuga, halafu jina langu kwa chaki.

Niliijenga ile nyumba kama ninajenga yangu. Na dohani, bomba lile la kupandisha moshi, nililijenga kwa kwenda kuchungulia majumba ya zamani ya Wajerumani, nikaingiza mkono na kichwa, nikatoka mweusi kama mkaa. Koo lake nikaliacha pana. Siku ya kulijaribu Yohana aliwasha maranda ya saiprasi, moshi ukanyooka juu bila kugeuka nyuma, na Mzee Komba akasimama mbele ya ule moto amefumba macho. Nikasema moyoni, Vuga hiyo.

Tukakaribishwa mezani. Mama Tekla akaleta vikombe vya maua, vile vya kabatini, na chai ikamiminwa. Ya rangi. Mzee Timazi akaitazama kama mtu aliyeona nyoka kwenye karai, akanywa, akashukuru. "Mzee Komba, iko namna gani nyumba?"

"Nzuri sana, baba. Haina neno."

Nje, Yohana akanipiga bega. "Shabani, nyumba yako ina rangi lakini haijapakwa." Mzee hakucheka. "Kuna kitu," alisema. "Kitu gani, mzee?" "Hicho ndicho ninachokutuma ukakitafute."

Nikatafuta. Nikaipiga randa milango yote upya. Chai ya rangi. Nikavunja sakafu ya barazani iliyokuwa na mkwaruzo mdogo, nikamwaga nyingine inayong'aa kama kioo. Chai ya rangi, tena safari hii na maandazi, na Mzee Komba anatutazama kwa huruma kama tunaumwa. Nikajitoa mhanga nikamwuliza mwenyewe. "Mzee wangu, shikamoo. Niambie kama mwanao. Kuna kitu hakikupendezi?"

"Marahaba. Hakuna, fundi. Kila kitu safi kabisa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Karibu chai."

Nikatamani kulia. Ndipo mchana mmoja nikiwa nasafisha karai chini ya dirisha nikawasikia ndani, yeye na mkewe, wanazungumza Kingoni. Sijui Kingoni hata cha kununulia chumvi, lakini maneno ya Kiswahili yalikuwa yanachomoza kama mawe mtoni: dohani, nikasikia. Halafu chai. Halafu kwisha. Na Mzee Komba akashusha pumzi ndefu sana. Nikaona nimefumbua fumbo. Dohani! Mpaka dohani liishe vizuri, chai ya kweli haitoki! Nikakimbia kwa Mzee Timazi, naye akatikisa kichwa kama daktari. "Nilijua. Koo pana mno. Linaonekana kama mdomo wa fisi." Tukalibomoa. Lile dohani langu, lililovuta moshi kama mtu anavyovuta uji, tukalishusha tofali kwa tofali, na Mzee Komba amesimama uani na koti lake, anatutazama. Tukajenga la pili, nalo likaletewa chai ya rangi. Tukabomoa. Tukaanza la tatu, koo jembamba, linapendeza kwa macho kama shingo ya bibi harusi.

Na mawingu ya masika yalikuwa yameshaanza kupanda kutoka Korogwe. Mtu wa Vuga alituma salamu: wiki hii, au basi. Usiku silali, mchana siwezi kusimama mahali pamoja. Yohana anapigilia misumari anaimba pambio, kila akifika kiitikio anaingiza neno "rangi". Siku ambayo tofali la mwisho lilikaa, kabla hata hatujawasha moto wa kujaribu, nilishuka sokoni Soni nikamkuta mama muuza maziwa, nikachukua chupa moja, nikaificha ndani ya shati. Nikazunguka nyuma ya nyumba nikavunja sheria ya jikoni kwa miguu yote miwili.

"Hodi mama. Leo naomba upikie haya."

Mama Tekla akaishika chupa kama amepewa mtoto wa mtu. "Maziwa? Kwenye chai hii?"

"Ni mila yetu mafundi. Tukimaliza kazi."

"Mila?"

"Mila, mama. Bila hivyo hatuondoki."

Nakwambia sijawahi kuona chai ikibadilisha watu namna ile. Sufuria ilipoingia na ule weupe wake Mzee Timazi alisimama wima. Akanywa kikombe cha kwanza, akanywa cha pili, macho yakamlegea. "Hongea, mgosi," akaniambia Kishambaa mbele za watu, yaani ahsante bwana, neno ambalo hakulitoa ovyo. Kisha akampa Mzee Komba mkono. "Nyumba imekabidhiwa." Yohana akapiga vigelegele vya kiume, tukakusanya vyombo, na moto wa kujaribu hakuna aliyeukumbuka. Mzee Komba alikuwa amekikumbatia kikombe chake, anakitazama ndani. Alikunywa mpaka mwisho, polepole. "Haina neno," alisema.

Jumatatu iliyofuata nilikuwa Vuga nachimba msingi, na mlangoni Lushoto chaki ilisema TIMAZI NA SHABANI. Kutoka hapo sikurudi nyuma. Mzee alipozeeka aliniachia ofisi na ile timazi yenyewe; iko mezani kwangu mpaka leo. Na miaka yote hii nimewasimulia vijana wangu hadithi ya ile chupa, wakiajiriwa tu nawasimulia, wajue kwamba bosi wao hakutajirika kwa bahati bali kwa akili. Kila nilichonacho kilitoka shingoni mwa chupa ile. Nilikuwa naipenda sana hadithi hiyo.

Basi, watu wakapungua. Waliobaki walikuwa wanakunja mikeka. Mama Tekla akaja akakaa kando yangu, akaona kikombe bado kimejaa.

"Bado huipendi," akasema.

"Naogopa, mama. Kwetu ukipewa hii una kosa."

"Kwenu." Akafikiri. "Ndiyo maana mlikuwa mnabomoa?"

Nikamweleza yote, sheria ya kikombe na Vuga na dirisha. Alisikiliza amefunika mdomo kwa ncha ya khanga. Nilipomaliza akaongea akilitazama lile meko.

"Mume wangu alikuwa anachambua chai, mwanangu. Miaka yote anachambua ile ya daraja la kwanza, inapanda meli, sisi kambini tunakunywa vumbi lake. Siku ya kumuaga walimpa pakiti moja. Moja. Hakuifungua. Akasema, hii nitaifungua kwenye nyumba yangu, niwanyweshe walionijengea. Chai ile haiwekwi maziwa. Alikuwa anasema ni kama kupaka rangi kioo cha dirisha."

Nikakitazama kikombe mikononi mwangu.

"Nilimsikia siku ile dirishani," nikasema. "Alisema dohani, akasema chai inakwisha."

"Alisema dohani lile ni zuri mno, hawa vijana wana nini? Wakiendelea hivi pakiti itakwisha kabla hatujahamia." Akatikisa kichwa. "Zile chembe za mwisho za pakiti ndizo nilizozipika na maziwa yako."

"Mama, mbona hakusema?"

"Angesemaje? Kila akisema ni nzuri, mnabomoa!"

Tukacheka. Msibani, nakwambia, tulicheka mpaka wakunja mikeka wakageuka, na katikati ya kicheko machozi yakamshinda, nikamshika mkono. Alipotulia nikauliza lile nililoanza nalo. Na moto?

"Tuliuwasha siku ile ile mlipoondoka. Moshi wote ukarudi ndani. Tukatoka nje macho yanatiririka, na mvua inaanza. Nikamwambia, tuwaite. Akasema, thubutu! Wakija watabomoa nyumba nzima. Akaweka redio pale. Lakini kila jioni anavuta kiti mbele yake, anajifunika blanketi. Watoto wakimwuliza, babu unafanya nini, anasema, naota moto. Wanamcheka: unaota kwa kukaa, au unaota kwa kulala? Anawajibu, yote mawili."

Nimesema hakuna kinachonishangaza. Sifuti, maana nilisema nikiamini. Lakini niliinywa ile chai imeshapoa, yote.

Baada ya matanga kuondolewa nilirudi Soni na vijana wangu wawili. Walidhani nimekuja kusimamia. Nilipovua koti nikashika mwiko walitazamana. "Bosi, magoti yako," mmoja akasema. Nikamwambia achanganye udongo aache magoti ya watu. Nililishusha lile koo la bibi harusi nikalijenga lile la kwanza, pana, kama mdomo wa fisi, kwa kukumbuka tu, na mikono ilikumbuka kuliko kichwa. Mama Tekla alikuja akatoa redio na kitambaa mwenyewe, akavuta kile kiti akakirudisha mahali pake, akabaki amesimama nyuma yake bila kukikalia. Nikawasha maranda ya saiprasi. Moshi ulisita kidogo, kama mgeni mlangoni, kisha ukanyooka juu. Hakusema haina neno. Alisema, "Umepanda," kisha akaingia jikoni, nikasikia kijiko na karatasi ya pakiti niliyomletea kutoka kiwandani, ya daraja la kwanza, siku hizi mwenye pesa anauziwa. Akatuletea katika vikombe vya maua. Ya rangi.

"Nikudai au nikulipe?" akauliza. "Sema bei, mwanangu."

"Haina neno, mama."

Lakini mimi ni mtu wa biashara, hesabu ya niliyotoa mfukoni mwangu naijua hata bila shule. Matofali, saruji, mchanga, mafuta ya gari, posho ya vijana wawili na pakiti ya chai: shilingi laki saba, thelathini na mbili elfu na mia nane.